Naomba ushauri: nataka kuwa mtafiti wa saikolojia ya vijana wa chuo

Wadau habari zenu, naombeni ushauri. Nimemaliza digrii ya kwanza ya saikolojia na nataka niingie kwenye utafiti wa jinsi vijana wanavyobadilika wakiwa chuoni, ule umri wa 18 mpaka 25 ambao mwanasaikolojia Jeffrey Arnett mwaka 2000 aliuelezea kama kipindi kinachojitegemea, ujana wa sekondari umeisha ila utu uzima nao bado. Kilichonivuta ni mwanasaikolojia William Perry wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, yule aliyekuwa anawahoji wanafunzi wale wale mwaka hadi mwaka, akaona wanaanza wakiamini kila swali lina jibu moja analo mwalimu, halafu taratibu wanakubali kuna majibu mengi na mwisho mtu anachagua msimamo wake na kuusimamia. Nilijiona mimi kabisa, maana mwaka wa kwanza nilikuwa naogopa hata kumbishia mhadhiri.

Sasa shida iko hapa. Utafiti wa hivyo unafuata watu miaka kadhaa, wengine wanaacha chuo, wengine hawapokei simu tena, na wanaobaki mara nyingi ni wale mambo yamewanyookea, kwahiyo picha inapinda. Mimi kwenye masta nitakuwa na muda mfupi tu. Je nilinganishe wa mwaka wa kwanza na wa mwisho kwa wakati mmoja, japo hapo simwoni mtu mmoja akibadilika, au nijiunge na mradi wa profesa wenye data za miaka mingi? Na nianze na kazi ya ushauri nasaha ili niwajue wanafunzi kwa karibu, ama niende moja kwa moja PhD? Mliopita huko tafadhali niambieni.