Rupia ya 1910 J: MS62 iliyofifia, AU58 yenye rangi, au ya nyumbani isiyo na kasha?

Mpwa_wa_Tanga

Assalam alaikum na habari za jioni, wakubwa kwa wadogo. Naomba ushauri wenu kabla ya Jumamosi, maana muuzaji hanisubiri zaidi ya hapo.

Wanaonifahamu wanajua nakusanya sarafu za Afrika Mashariki ya Kijerumani. Pengo linalonisumbua ni rupia ya 1910, ile yenye herufi J ya kiwanda cha Hamburg. Nimekaa miaka bila kupata ya kuniridhisha, na sasa zimekuja tatu kwa mpigo.

Ya kwanza imo ndani ya kasha la plastiki la kampuni ya kukadiria na imepewa MS62 kwenye kipimo cha 1 hadi 70, yaani haijatumika. Lakini ni nyeupe kama bati, haina uhai, na kuna mkwaruzo unaoanzia shavuni kwa Kaiser Wilhelm mpaka kwenye ncha ya sharubu. Kila nikifungua picha jicho linakwenda palepale.

Ya pili nayo imo ndani ya kasha, AU58, yaani imetumika kidogo sana. Kichwa cha tai juu ya kofia kimelainika kidogo. Ila imeota rangi: katikati kijivu cha moshi, kisha dhahabu, na ukingoni bluu kama shingo ya njiwa. Bei yake iko chini ya ile ya kwanza kwa kama moja ya tano.

Ya tatu ni ya familia moja hapahapa mtaani kwetu. Haina kasha. Imesuguliwa, na juu ya kofia kuna alama ya kuchomelewa, nadhani iliwahi kuwa kidani. Wanataka nusu ya bei ya hiyo 58.

Ningekuwa nafuata namba ningeshanunua 62. Moyo unakataa.

BintiKilindini

Kaka, chukua 58.

Wengi hudhani 62 iko juu ya 58 kama ghorofa ya tano ilivyo juu ya ya nne. Sivyo. Sarafu ya 58 imepita mikononi mwa watu muda mfupi tu, na kasoro yake ni msuguano mdogo kwenye sehemu zilizoinuka. Hii ya 60 hadi 62 haikutumika, lakini ilitupwa kwenye magunia na wenzake, ikagongana nao bandarini, melini na kwenye hazina, ikatoka na makovu usoni. Kipimo kinauliza kwanza kama sarafu imetumika. Jicho lako haliulizi hilo, linaona uso wenye kovu na uso usio na kovu.

Mimi somo hili nililipata kwenye pesa za shaba, zile za kampuni ya Kijerumani za 1890 hadi 1892 zenye maandishi ya Kiarabu upande mmoja. Nilikuwa na mbili, zote MS64, zote zimeandikwa kuwa ni za kahawia. Moja ilikuwa kama kokwa ya ukwaju iliyopakwa mafuta. Nyingine ilikuwa na alama ya kidole iliyokula shaba juu ya tai, mistari yote ya kidole inahesabika. Namba moja, kampuni moja. Ile ya pili nilihangaika nayo mwaka mzima kabla ya kupata mtu wa kuichukua.

Na NGC, moja ya kampuni hizo za kukadiria, wenyewe huweka nyota pembeni mwa namba kwa sarafu yenye mvuto wa pekee. Ingekuwa namba inasema yote, wasingehitaji nyota.

Mswahili_Elbe

Dada Binti, naheshimu maneno yako, lakini nina la kuongeza kwa upande wa namba, kwa sababu huku Ujerumani naona minada kila mwezi.

Sarafu nyingi siku hizi zinanunuliwa na watu ambao hawajazishika. Mmoja yuko Muscat, mwingine New York, wote wanatazama picha, na picha ya sarafu yenye rangi inategemea sana taa. Sogeza taa kidogo tu, bluu inawaka au inazimika. Namba ndiyo lugha pekee wanayoelewana watu wasioonana. Inasaidia pia warithi. Mzee mmoja niliyemjua aliacha masanduku mawili ya sarafu bila makasha wala daftari, na wanawe wakaziuza kwa mizani. Rupia ina gramu 11.66, fedha ya 917 kwa elfu, wakalipwa kwa hesabu hiyo. Ndani ya sanduku mlikuwamo rupia mbili ya 1893, nami niliwahi kuiona kwa macho yangu. Mpaka leo nikikumbuka naumia.

Ila hata mimi hiyo 62 nisingeigusa. Unaposema nyeupe na haina uhai, mimi nasoma kwamba imechovywa dawa, tena si mara moja. Ile asidi inaondoa weusi, lakini kila mchovyo unakula pia ngozi ya juu ya fedha, na kwenye ngozi hiyo ndimo mlimo mistari midogo inayofanya mng'ao uzunguke unapoigeuza sarafu. Ikishaondoka hairudi. Kampuni huvumilia mchovyo mwepesi, ndiyo maana imepata namba.

Ningekuwa wewe ningesubiri 63 au 64 yenye mng'ao wake. Rupia ya 1910 si adimu hivyo.

Nyumba_ya_Pangani

Naomba niitetee ile ya tatu, hata kama peke yangu.

Marehemu bibi yangu alikuwa na rupia saba kwenye mkufu. Kila ikikaribia harusi alikaa ukumbini na sahani ya majivu laini na vipande vya ndimu, anasugua moja baada ya nyingine kwa kitambaa cha kanga kilichochakaa, anasuuza, anaanika kwenye ungo. Nilikuwa mdogo, kazi yangu ilikuwa kuzihesabu zisipotee. Zikitoka hapo zinang'aa kama kisima saa sita mchana.

Miaka mingi baadaye nilituma mbili kwa kampuni ya nje. Nililipa ada, nikalipa usafirishaji, nikalipa bima. Zikarudi bila namba, zimeandikwa tu kwamba zimesafishwa. Nilisikitika sana, ingawa kwa vigezo vyao hawakukosea, kwa sababu ukitazama kwa lenzi mistari ya majivu inaonekana yote, inakwenda duara kama mkono wa bibi ulivyokwenda.

Rupia nyingi zilizobaki kwenye nyumba za pwani ziliishi hivyo. Zilivaliwa. Sikwambii uinunue badala ya 58, kaka. Ila usiihesabu kuwa takataka.

Babu_wa_Daftari

Vijana, sijui kama mnajua hizo namba zilikotoka, na mkijua mtaelewa kwa nini zinagombana na macho yenu.

Mwaka 1949 Mmarekani William Sheldon alitoa kipimo cha 1 hadi 70 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za mwanzo za Marekani. Wazo lake lilikuwa la bei: sarafu ya 70 iwe na thamani mara sabini ya sarafu ya 1 ya aina hiyohiyo. Yaani namba ilizaliwa kama hesabu ya sokoni. Bei zikabadilika, hesabu ikavunjika, namba zikabaki. Kampuni za kukadiria, PCGS ilipoanza 1986 na NGC 1987, zikachukua kipimo hichohicho, na sisi tukakileta mpaka kwenye rupia zetu na heller, ile chenji ya rupia.

Nawaambia hivi kwa sababu mvuto wa macho umo ndani ya namba zao pia. Wanatazama makovu, mng'ao, jinsi chapa ilivyoshika, na uzuri kwa jumla. Lakini wanavibana vyote kwenye tarakimu mbili. Mpwa anataka kuvibandua tena, na ana haki.

Mpwa_wa_Tanga

Shikamoo Babu, na ahsanteni wote. Bi Pangani, habari ya mkufu imenigusa sana, hata nyumbani nimewasomea.

Kilichobaki ni hofu moja. Nitajuaje kwamba bluu ya ile 58 haikupikwa na mtu?

BintiKilindini

Swali zuri. Kuwa ndani ya kasha kunasaidia, kwa sababu wakishuku rangi huwa hawaipi namba safi. Hata hivyo angalia mwenyewe.

Rangi ya kweli ni tabaka jembamba la fedha iliyoungana na salfa, na linapoongezeka unene rangi hufuatana kwa utaratibu: manjano, dhahabu, zambarau, kisha bluu. Ukitoka katikati kwenda ukingoni uone zinapokezana hivyo. Ukikuta bluu imekaa juu ya nyeupe bila dhahabu katikati yake, ondoka. Kisha igeuze. Mng'ao uonekane unapita chini ya rangi, kama maji chini ya mafuta. Na tazama pembeni mwa herufi za GUILELMUS, jina la Wilhelm kwa Kilatini: mara nyingi kwenye kivuli cha herufi rangi hubaki changa, kwa kuwa hewa haikufika vizuri. Aliyepika kwa moto au kemikali hupaka kote sawasawa.

Mswahili_Elbe

Dada amesema kweli tupu. Niongeze moja kwa atakayesoma baadaye: haya ya kufuata jicho ni ya rupia za kawaida. Kwa ile rupia 15 ya dhahabu ya Tabora ya 1916, yenye tembo na milima, msinunue bila kasha kwa kuipenda tu. Zilipigwa 16,198 katika karakana ya reli wakati wa vita, bandia zake ni nyingi, na kwa kuwa hata za kweli zilitengenezwa na mafundi wa dharura, ukali wa chapa peke yake haukuongozi. Pima: gramu 7.16. Halafu bado tafuta kasha.

Mpwa_wa_Tanga

Nimerudi. Leo asubuhi nimeishika 58 karibu na dirisha dukani, mbali na taa zao. Dhahabu ipo kati ya kijivu na bluu, imekaa kama alivyosema dada. Kwenye mkunjo wa herufi ya G fedha bado ni nyeupe. Tai amelainika kichwa tu, manyoya ya bawa yote yapo. Nimeilipia.

Jioni nikapita kwa ile familia. Sikuinunua yao. Nimewaonyesha picha za rupia nyingine na kuwaomba wasiisugue tena, na mama mwenye nyumba amenionyesha sanduku ambamo zimo rupia mbili zaidi na sarafu moja ya heller tano yenye tundu, ya 1913, zote kwenye mfuko laini wa plastiki ulioanza kunata. Nimewaambia wazitoe leo leo. Shaba nikeli ya heller imeshaanza kuota utando wa kijani. Kuna aliyewahi kuuondoa kwa asetoni bila kuharibu rangi ya chini? Wameniruhusu niijaribu wiki ijayo, na sitaki kuwakosea.