Kikundi cha familia: siku 4 za Munich

Salim: Asalaam aleikum. Shikamoo shangazi, shikamoo mjomba. Viza zimetoka, hoteli ya Munich, Ujerumani, tayari. Tunatua Alhamisi asubuhi, tunaondoka Jumapili usiku, watu wazima wanne na Rukia. Nimeandika kasri la Neuschwanstein, mji wa Salzburg, kambi ya Wanazi ya Dachau, mji wa Nürnberg na mlima Zugspitze. Da Zuhura, wewe uko huko Augsburg, tupangie.

Zuhura: Waaleikum salaam. Shikamooni wakubwa. Salim, hiyo orodha ni ya wiki mbili. Siku kamili mnazo mbili tu, Ijumaa na Jumamosi. Nürnberg itoe. Zugspitze nayo itoe: ni mita 2,962, mkikuta wingu mnalipa hela nyingi kutazama ukungu.

Shangazi Mwajuma: Marahaba wanangu. Hilo kasri ndilo lile la kwenye kalenda?

Zuhura: Ndilo, shangazi. Mfalme Ludwig wa Pili wa Bavaria alianza kulijenga 1869, akafa 1886 halijaisha. Wiki chache tu baada ya kufa kwake, watu wakaanza kuingia kwa kiingilio. Nendeni Ijumaa.

Zuhura: Salim, tiketi ya kasri nunua KABLA ya kupanga treni. Inauzwa mtandaoni, ina saa yake, na ukichelewa geti halifunguki. Usitegemee kununua pale pale.

Salim: Nichukue ya saa ngapi? Nimeona kuna nafasi saa sita mchana.

Zuhura: Mtaikosa. Hesabu hivi. Mtatumia Bayern-Ticket, tiketi moja ya siku ya treni za jimbo la Bavaria, kwa watu hadi watano. Siku za kazi inaanza 09:00. Treni ikiondoka 08:55 hamruhusiwi kuipanda, hata kama safari yote iliyobaki ni baada ya 09:00. Kwa hiyo pandeni treni ya kwanza baada ya hapo. Mpaka mji wa Füssen ni mwendo wa kama saa 2, kwa treni nyingine mnabadilisha Buchloe au Kaufbeuren. Füssen mnafika karibu na saa sita. Mbele ya kituo pandeni basi 73 au 78 hadi Hohenschwangau, kijiji cha chini ya kasri, dakika 10 hivi, ila treni nzima inaligombea basi hilo hilo. Kutoka kijijini hadi getini ni dakika 30 mpaka 40 za kupanda. Chukua ya saa nane.

Mjomba Hamadi: 09:00 ni saa tatu asubuhi, siyo saa tisa. Salim usije ukatuamsha mchana 😄

Rukia: 😂😂 mjomba!

Salim: Nimeshika, mjomba. Saa nane, yaani 14:00.

Shangazi Mwajuma: Magoti yangu na hiyo dakika 40?

Zuhura: Shangazi, kuna gari la farasi na kuna basi dogo, lakini hakuna hata kimoja kinachokufikisha mlangoni. Farasi wanakuacha chini ya kasri, bado unapanda kama robo saa. Basi linakupeleka juu, karibu na daraja la Marienbrücke, kisha unateremka kwa miguu, na mteremko ni mkali. Kukiwa na theluji basi haliendi. Ndani ngazi ni zaidi ya 300 kupanda na kushuka, na ziara yenyewe ni nusu saa tu, picha marufuku. Kwa maoni yangu wewe baki chini, ziwa la Alpsee liko hapo hapo na makumbusho ya wafalme wa Bavaria iko pembeni yake. Uzuri wa kasri lile uko nje kuliko ndani.

Shangazi Mwajuma: Basi mimi ni wa ziwani. Msinicheleweshee chai.

Salim: Mimi nilitaka ile Deutschlandticket, si ni euro 49 unazunguka nchi nzima?

Zuhura: 49 ilikuwa ilipoanza, Mei 2023. Januari 2025 ikawa 58, Januari 2026 ikawa 63. Na ni ya kila mtu peke yake, ya mwezi, inajirudia. Usipoikatisha kufikia tarehe 10, inakukata na mwezi unaofuata. Kwa siku 4 haiwafai.

Zuhura: Bayern-Ticket ina bei ya mtu wa kwanza, halafu nyongeza ndogo kwa kila anayeongezeka. Andikeni majina ya wote kama yalivyo kwenye pasi. Haipandi treni za masafa marefu, yaani ICE, IC wala EC. Treni za mkoa (RE, RB) na za mji (S-Bahn) sawa, na mabasi na tramu za Munich siku hiyo pia imo. Inakwisha saa tisa usiku.

Rukia: Kwa hiyo Jumamosi Salzburg, na tiketi hiyo hiyo?

Zuhura: Ndiyo, inafika mpaka kituo kikuu cha Salzburg ingawa ni Austria, ila nunueni nyingine, hiyo ni ya siku moja. Wikiendi inaanza usiku wa manane, kwa hiyo tokeni hata saa moja asubuhi. Mabasi ya mji wa Salzburg haiyahusu. Nyumba aliyozaliwa mwanamuziki Mozart iko mtaa wa Getreidegasse 9, ngome iko juu ya kilima na kuna kireli cha kupandia, shangazi hapo anaweza. Pasi halisi mkononi, siyo picha kwenye simu: mkirudi polisi hukagua mpakani, na treni inaweza kusimama Freilassing, kituo cha mpakani.

Mjomba Hamadi: Na Dachau? Mimi hilo siliachi.

Zuhura: Alhamisi mchana, mjomba, mkishaweka mizigo. Uwanja wa ndege nunueni Airport-City-Day-Ticket ya kikundi, na Dachau imo. Pandeni treni ya S2, kisha basi 726. Kambi ile ilifunguliwa Machi 1933, kiingilio bure, inafungwa saa kumi na moja jioni. Tengeni muda wa saa 3.

Salim: Jumapili tununue zawadi.

Zuhura: Jumapili maduka yamefungwa! Zawadi nunueni Ijumaa jioni au Jumamosi mkirudi. Jumapili kiingilio cha jumba la sanaa la Alte Pinakothek ni euro 1.

Zuhura: Jioni kurudi uwanja wa ndege pandeni treni ya S8. S1 hukatika kituo cha Neufahrn: nusu inaenda uwanja wa ndege, nusu mji wa Freising. Mkikaa behewa baya, ndege inawaacha. Kabla ya kutoka hoteli angalieni pia kama njia ya treni ya katikati ya mji haijafungwa, wikiendi huwa wanaitengeneza.

Rukia: Chakula halali?

Zuhura: Kusini ya kituo kikuu cha Munich, mitaa ya Goethestraße na Landwehrstraße, migahawa ya Kituruki na Kiarabu tele. Chupa za maji za plastiki msitupe, nyingi mnarudishiwa senti 25 mkizirudisha dukani. Na mkae na sarafu za choo cha stesheni.

Shangazi Mwajuma: Choo cha kulipia! Salim, sarafu utashika wewe.

Salim: Sawa shangazi. Tiketi za kasri 14:00 zimepatikana, tatu. Mjomba unapanda au unabaki na shangazi?

Mjomba Hamadi: Nabaki. Chukua hizo tatu, ya tatu ni ya mama yako.