MALALAMIKO: Acheni kuisafisha 3DO kwa kusema "ilikuja kabla ya wakati wake"

Ndugu wanajukwaa,

Nimevumilia vya kutosha. Kila inapotajwa mashine ya gemu ya 3DO humu ndani, hawakosekani watu wa kuipamba kwa maneno yale yale: kwamba ilikuwa mashine bora kuliko zote za enzi zake, kwamba wanunuzi hawakuielewa, kwamba ilikuja kabla ya wakati wake, na kwamba kasoro yake pekee ilikuwa bei. Nafungua uzi huu kuyapinga maelezo hayo, kwa sababu yanamgeuza mnunuzi kuwa mkosaji na kumwacha aliyebuni mpango mzima akiwa amekaa amekunja nne. Bei ile haikudondoka kutoka mbinguni. Ilizaliwa na mkataba, na mkataba uliandikwa na watu wazima wenye akili timamu, waliojua vizuri ni nani atakayebeba mzigo.

Kwa wale wasioijua habari hii, Trip Hawkins, mtu yule yule aliyeanzisha kampuni ya gemu ya Electronic Arts mwaka 1982, aliunda kampuni ya 3DO huko California mwaka 1991. Kampuni hiyo haikukusudia kutengeneza mashine hata moja kwa mikono yake. Ilikusudia kubuni kiwango, kisha kuuza leseni kwa makampuni ya vifaa vya umeme, kila moja iunde mashine yake na kuiuza kwa jina lake, kama ilivyokuwa kwa deki za VHS. Panasonic ikachukua leseni, GoldStar ambayo leo ni LG ikachukua, Sanyo nayo ikafuata, na AT&T ikatangaza kwa mbwembwe mashine ambayo haikufika dukani mpaka kesho. Watengenezaji wa gemu nao wakaahidiwa mrabaha, yaani ada ya leseni, mdogo wa dola 3 tu kwa kila diski, chini kabisa ya kile walichokuwa wakitozwa na Nintendo na Sega. Kwenye karatasi, kila aliyekaa mezani alipata chake. Aliyekosa kiti kwenye meza hiyo ni mnunuzi.

Naomba hapa tusiende haraka, maana hapa ndipo watetezi wa 3DO wanapopita mbio. Biashara ya mashine za gemu inaenda kama biashara ya mitungi ya gesi ya kupikia: mtungi na jiko unapewa kwa bei ya kukuvutia, pengine hata chini ya gharama, kwa sababu anayekuuzia anajua utarudi kwake kujaza. Nintendo na Sega waliweza kubana faida ya mashine kwa kuwa kila gemu iliyouzwa iliwaletea fedha. Sasa katika mpango wa Hawkins, muuza mtungi hakuwa muuza gesi. Zile dola 3 za kila diski zilikwenda kwa kampuni ya 3DO, si kwa Panasonic wala GoldStar. Kwa hiyo aliyeunda mashine alikuwa na mlango mmoja tu wa kupata faida yake, nao ni mashine yenyewe, siku ile ile unapoinunua. Mtu akikuwekea mazingira ya namna hiyo, halafu aje kukuambia kwamba "bei ilikuwa juu kidogo", anakudhihaki.

Na haikuwa juu kidogo. Panasonic FZ-1, mashine ya 3DO iliyoundwa na Panasonic, iliingia sokoni Marekani tarehe 4 Oktoba 1993 kwa dola 699.99. Super Nintendo ilikuwa imezinduliwa huko huko miaka miwili kabla kwa dola 199. Maana yake, kwa fedha ya 3DO moja ungenunua Super Nintendo tatu na chenji ikabaki. Na ukishalipa fedha hiyo yote, ndani ya boksi ulikuta gemu moja, Crash 'n Burn, ya mashindano ya magari, na ukirudi dukani siku hiyo kuuliza kuna nini kingine cha kununua, hukupewa jibu la maana. Jarida la Time likaitaja 3DO kuwa bidhaa bora ya mwaka 1993. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Sitaki nionekane mwenye chuki na mafundi. Walioibuni, RJ Mical na Dave Needle, walikuwa wamekwisha kushiriki kuunda Amiga na Atari Lynx, na kazi yao ilionekana: prosesa ya ARM60 ya biti 32, kumbukumbu ya megabaiti 2 na nyingine ya megabaiti 1 kwa ajili ya picha, na kisomeo cha CD chenye mwendo maradufu. Kwa mwaka ule vilikuwa vitu vya maana. Isitoshe, diski zake hazikufungwa kwa kanda za dunia, kwa hiyo nyingi za Japani zinacheza kwenye mashine ya Marekani bila matata. Hilo nalikubali kwa moyo mweupe.

Lakini tazameni jinsi ilivyonadiwa. Haikuuzwa kama mashine ya gemu ya watoto, iliuzwa kama kitovu cha sebule: muziki, albamu za picha, filamu, masomo ya watoto, michezo, vyote katika boksi moja la medianuwai. Ndiyo sababu waliyoitoa ya kuitetea ile bei. Halafu ukitaka kutazama filamu za Video CD, unaambiwa kifaa chake kinauzwa kando! Umelipa karibu dola 700 kwa ajili ya "kila kitu", na kile kitu ambacho familia nzima ingekaa kukitazama kimewekewa bei yake mbali.

Mimi ninayo FZ-1. Niliinunua ikiwa imetumika, kwa muuzaji wa ng'ambo ambaye sitamtaja, aliyenihakikishia kwamba kila kitu kiko sawa, na naiwasha kwa transfoma ya kushusha umeme kwa kuwa ni ya volti za Marekani. Mashine hii iliyokusudiwa kukusanya familia nzima ina tundu moja la pedi ya kuchezea. Moja tu. Mchezaji wa pili anachomeka pedi yake kwenye pedi ya mchezaji wa kwanza, wa tatu kwenye ya wa pili, na kuendelea hivyo, wote wamefungamana kwa nyaya kama mbuzi wa mnadani. Wa kwanza akichomoa ya kwake, walio nyuma yake wote wamekwisha. Mafundi wanasifia kwamba mtindo huo unaruhusu wachezaji wengi. Sawa, lakini nani anakuwa na pedi nane nyumbani baada ya kulipa bei ile? Nafasi ya kuhifadhi ulipofikia ni kilobaiti 32 kwa gemu zako zote kwa pamoja, na ikijaa, ni juu yako kuchagua kipi ufute ili kingine kipate pa kukaa. Kwenye ya kwangu hata hizo 32 hazishiki kitu, kwa kuwa betri inayozilinda imekufa, na muuzaji wangu "wa kila kitu kiko sawa" hajibu tena ujumbe.

Kuhusu gemu zenyewe, zilikuwepo nzuri, na hakuna atakayenilazimisha kusema vinginevyo. Road Rash ilikuwa tamu. The Need for Speed ya kwanza kabisa ilizaliwa kwenye 3DO mwaka 1994. Star Control II, ikiwa na sauti za waigizaji, hadi leo inatafutwa. Ila karibu na hizo chache lilirundikwa rundo la video za kubofya-bofya. Night Trap na Sewer Shark zilikuwa zimekwisha kuuzwa kwenye Sega CD, kifaa cha CD cha Sega. Plumbers Don't Wear Ties, kwa sehemu kubwa, haikuwa hata video: ni picha za mnato zinazopita moja baada ya nyingine huku watu wakizungumza. Mrabaha wa dola 3 ulifungua mlango kwa kila mtu, na mlangoni hapakuwa na bawabu.

Kisha ikaja Doom, gemu ya kupiga risasi. Toleo la 3DO lililotoka mwaka 1996 linachezwa kwenye kidirisha kidogo katikati ya skrini, na bado linasuasua. Watu humlaumu mwandishi wa programu, Rebecca Heineman, ambaye kwa simulizi yake mwenyewe alikabidhiwa kazi hiyo akiambiwa imekaribia kukamilika, akakuta hakuna kitu, na akaimaliza peke yake katika wiki kama kumi. Muziki wake ulipigwa na bendi na kurekodiwa upya kwa sababu hakukuwa na muda wa kuandika programu ya kuupiga ule wa awali. Na kwa kejeli ya mambo, ndiyo sehemu nzuri kuliko zote za toleo lile. Mchapishaji aliyepokea fedha za watu kwa kazi ya namna hiyo ndiye wa kulaumiwa, pamoja na kiwango kisichokuwa na mtu wa kusema "hapana, hii haitoki".

Turudi kwenye fedha. Bei ilishushwa mwaka 1994, na walionunua mwanzoni wakabaki wameshika vichwa. Oktoba mwaka huo huo kampuni ikatangaza kuongeza dola 3 nyingine juu ya kila diski, ati za mfuko wa kuendeleza soko, ili zisaidie kupunguza makali ya bei ya mashine. Hebu fikirini: ule mrabaha mdogo, ndoano iliyowavuta watengenezaji wa gemu, unaongezwa maradufu katikati ya safari, na sababu yenyewe ni kuziba shimo ambalo mpango wenyewe ulilichimba. Watengenezaji wakachachamaa, na walikuwa na haki. Mwezi Desemba Sony ikaitoa PlayStation Japani, na Septemba 1995 ikaifikisha Marekani kwa dola 299. Sony nayo ni kampuni ya redio na televisheni kama Panasonic, haikuwa na uchawi wowote. Tofauti ni kwamba ilimiliki mashine na leseni ya gemu kwa pamoja, hivyo ilikuwa na mahali pa kurudishia hasara. Kwa hiyo anayesema soko halikuwa tayari kwa CD na picha za pande tatu anieleze hao waliopanga foleni ya PlayStation miaka miwili baadaye walitoka sayari gani.

Lililonichoma zaidi ni M2. Wenye 3DO walipoanza kulalamika, walitulizwa kwa ahadi kwamba inakuja M2, kifaa cha kupachika kwenye mashine waliyokwisha kuinunua, kitakachoipa nguvu za kuwapita wote. Watu wakasubiri. Baadaye M2 ikageuka kuwa mashine mpya inayojitegemea. Mwaka 1995 teknolojia yake ikauzwa kwa Matsushita, wenye jina la Panasonic, kwa dola milioni 100. Mwaka 1997 Matsushita ikaifuta kabla haijafika dukani, na mabaki yake yakaishia kwenye vioski vya kielektroniki na kwenye mashine chache za Konami za kumbi za michezo. Gemu ya D2, iliyokuwa ikiandaliwa kwa ajili yake, ikahamia Dreamcast, mashine ya Sega. Kampuni ya 3DO yenyewe ilikuwa imekwisha kupokea zile milioni 100, ikageuka kuwa mchapishaji wa gemu za mashine za wengine, na ikafilisika mwaka 2003.

Sasa ninyi mnaosema "kabla ya wakati wake", jibuni kwa hoja na si kwa mapenzi. Kampuni ililipwa milioni 100 kwa kitu ambacho wenye FZ-1 waliahidiwa kupachikiwa kwenye mashine zao. Wao walirudishiwa nini?