Pumzi ya Maji: gumzo la kikundi cha Familia, Kisumu

Mama Tito: Habari za jioni nyote. Nimerudi kutoka sokoni Kibuye nikakuta mgomba wangu umechanika, na Tito amesimama hapo na gongo la mpera. Ati alikuwa anapiga "Pumzi ya Maji, pigo la kwanza". Nani amemwonyesha hayo mambo?

Brayo: Ni mimi, shangazi. Pole sana kwa mgomba, Jumamosi naleta mche. Ni ile katuni ya Kijapani, Kimetsu no Yaiba. Tulitazama pamoja likizo.

Shangazi Nakuru: Ile ya mashetani? Mtoto atalala kweli?

Brayo: Analala vizuri, shangazi. Kijana anaitwa Tanjiro, muuza makaa. Familia yake inauawa na shetani, anabaki na dada mmoja tu, naye amegeuzwa shetani. Anakwenda kwa mzee Urokodaki kufunzwa upanga. Karibu miaka miwili, mpaka siku aliyoweza kukata mwamba. Kila mtindo wa upanga unafuata namna ya kuvuta pumzi. Ya msingi ni tano: maji, moto, upepo, mwamba na radi. Yeye alifunzwa maji, na kwangu ndiyo inayoshinda zote.

Dani: Na ndiyo ya kila mtu 😄 Wengi huanzia hapo kwa sababu ni rahisi kushika. Mimi ni wa radi. Zenitsu, rafiki yake Tanjiro, alishika pigo moja tu la radi, akalifanyia mazoezi mpaka macho hayalioni. Moja lililoiva linashinda kumi mabichi.

Brayo: Dani, hilo pigo nalipenda pia. Lakini linataka njia iliyonyooka na miguu mizima. Ukifungiwa njia je? Ukiwa ndani ya maji je? Tanjiro aliingia chini kwenye kinamasi, hana pa kukanyaga, na maji yamembana kila upande. Akatumia pigo la sita la maji, kizingia. Anajipinda kiuno na mabega, na yale maji yaliyombana ndiyo yanakuwa makali ya upanga.

Mjomba Dunga: Katuni sizijui, lakini maji nayajua. Juzi usiku tulikuwa kwenye omena, upepo ukageuka. Tulikuwa na kijana mgeni, ana mikono kama mtarimbo. Akawa anavuta kasia vile vile alivyokuwa anavuta ziwa likiwa shwari. Mashua inazunguka tu! Nikamwambia legeza, ngoja wimbi liinue omo, ndipo uvute. Tukafika. Nguvu zake hazikuongezeka hata kidogo.

Brayo: Mjomba, hapo umenimalizia kazi 🙏 Kuna nyumba ambamo shetani anapiga ngoma, na kila akipiga chumba kinageuka, sakafu inakuwa ukuta. Tanjiro ana mbavu zilizovunjika. Chini kumetapakaa karatasi alizoandika yule shetani alipokuwa mtu, na Tanjiro hataki kuzikanyaga. Kwa kuzikwepa, anagundua namna ya kuweka mguu isiyomuumiza mbavu. Halafu anatumia la tisa, ambalo nyayo zinagusa chini kidogo sana. Heshima kwa karatasi za adui ndiyo iliyompa ushindi. Nimerudia hapo mara nyingi, na bado nasisimka.

Shangazi Nakuru: Kumbe adui naye alikuwa mwandishi. Maskini.

Brayo: Shangazi, ngoja usikie la tano. Linaitwa mvua ya rehema baada ya kiangazi. Mlimani kulikuwa na shetani wa kike anayeendesha watu kwa nyuzi za buibui. Yeye mwenyewe ameteswa mpaka amechoka kuishi. Tanjiro anamshukia kutoka juu, upanga tayari kwa pigo la kwanza. Yule mama akainua mikono, akatoa shingo. Tanjiro akaona, na akiwa bado hewani akabadilisha pigo. Shetani hakusikia uchungu, alihisi kama mvua ya vuguvugu. Mtindo wa kivita wenye pigo la mtu aliyejisalimisha! Hilo ndilo linalonifanya niuweke juu ya yote.

Dani: Sawa, la tano nakubali, nililia. Lakini Tanjiro mwenyewe baadaye aliona mwili wake haukuumbiwa maji.

Brayo: Ni kweli. Ila alichanganya maji na ngoma ya moto aliyokuwa akiicheza baba yake, na maji yakakubali kuchanganywa. Na Giyu je, yule bingwa wa maji? Mapigo ya maji yalikuwa kumi, yeye akaongeza la kumi na moja. Anasimama tuli, na kila kinachomfikia kinakatwa.

Mjomba Dunga: Ziwa la alfajiri hilo. Hakuna hata kunyanzi, na nyavu chini zimejaa.

Mama Tito: Tito amesoma yote begani kwangu. Anaomba radhi kwa mgomba, na anataka nitazame naye hiyo ya mvua. Brayo, Jumamosi njoo na bando pamoja na mche. Wa ndizi tamu, si matoke.

Brayo: Nitafika saa nne, shangazi.