Probox ya 2008 na ukaguzi wa mwaka: nianze kwa fundi, kwa mashine, au niende kituo cha ukaguzi cha Likoni Road moja kwa moja?

Msafirishaji wa Marikiti
Ndugu zangu, nina Toyota Probox iliyoundwa mwaka 2008, ambayo kila alfajiri hubeba mboga kutoka Marikiti hadi Kasarani. Kwa kuwa imesajiliwa kama gari la biashara, haina budi kukaguliwa kila mwaka, na zamu yake imebakiza wiki tatu. Kasoro ninazozijua ni kwamba huvuta kushoto ninapokanyaga breki kwa nguvu, taa kubwa zimeingia ukungu wa manjano, na kuna mgongano fulani upande wa mbele nipitapo kwenye matuta. Naweza kumwachia fundi wangu wa Kariobangi abadilishe kila kilichochoka, au nilipie gereji yenye mashine ya kupima breki kabla ya kununua kipuri chochote, au nilipie ukaguzi kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, nilipeleke gari lilivyo Likoni Road, kisha nirekebishe yale tu watakayoyaandika. Mfuko wangu hauruhusu kukosea mara mbili. Ninyi mngeanzia wapi?

Dereva wa Embakasi
Mimi nimeitumia njia ya mwisho kwa miaka kadhaa na pikapu yangu, wala siioni kuwa ya kizembe kama wengi wanavyodai, kwa sababu orodha ya mkaguzi haina tamaa ya muuza vipuri ndani yake. Gharama yake, hata hivyo, si ada peke yake. Ni siku nzima ya kazi inayopotelea kwenye foleni ya hapo Likoni Road, Industrial Area, na nyingine ya kurudia. Zaidi ya hayo, gari linalovuta upande mmoja halifai kupelekwa popote lilivyo, maana hata barabara ya kwendea ukaguzi ina watu.

Fundi Mstaafu
Bwana Msafirishaji, hilo la kuvuta kushoto ndilo litakalokurudisha nyumbani, kwa hiyo naomba nilieleze kwa utulivu. Mashine ya ukaguzi huyazungusha magurudumu mawili ya ekseli moja juu ya roli na kupima nguvu ya breki ya kila gurudumu peke yake, kisha hulinganisha kushoto na kulia. Fundi anayelijaribu gari barabarani huhisi kwamba linasimama, lakini hawezi kukuambia kwa tarakimu ni gurudumu gani linalobebeshwa kazi ya mwenzake. Na wengi hukosea hapa: gari likivuta kushoto, mara nyingi mgonjwa yuko kulia, kwa sababu upande wa kushoto unashika vizuri na wa kulia unalegea. Huenda pistoni ya kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, imekwama, huenda pini zake zimeshika kutu, huenda bomba la mpira limevimba ndani na kuziba, au pengine upepo wa matairi tu haulingani. Pedi mpya haziponyi hata kimoja kati ya hivyo. Utanunua pedi, utanunua diski, na gari litaendelea kuvuta.

Kwa hiyo mimi niko upande wa mashine, ila kwa sharti moja. Roli hazioni boli jointi, yaani kiungo cha mviringo kinachoshika gurudumu la mbele. Gari lipandishwe kwanza juu ya shimo, mtu alitikise gurudumu kwa mikono miwili, huku mwingine akiwa chini na tochi akiangalia tairodi (fimbo inayogeuza gurudumu kutoka kwenye usukani), bushi na mipira yake; mgongano wako wa matuta utaonekana hapo. Ngoma za breki za nyuma nazo zifunguliwe, kwani silinda ya gurudumu ikivuja huloanisha lainingi inayosugua ngoma bila kuonyesha dalili yoyote nje. Lioshwe chini ili mvujo mpya uonekane, lakini usikubali kupakiwa rangi nyeusi ya kuficha kutu. Sijui ni nani aliyewafundisha watu desturi hiyo.

Mama wa Githurai
Naongeza kuhusu vipuri, kwa sababu hapo ndipo pesa huponyoka. Vipuri vilivyotumika kutoka Japani mimi huvinunua bila wasiwasi kwa taa, vioo vya pembeni na vitasa. Kitu chochote cha mpira au cha breki sinunui kilichotumika, hata kama muuzaji wa Kirinyaga Road ataapa. Ukibadilisha taa, hakikisha zimetoka kwenye gari la usukani wa kulia. Japani huendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo mwanga wake huelekea pembeni mwa barabara, ilhali taa za gari la usukani wa kushoto humulika macho ya anayekuja mbele, na kipimo cha taa kitazikataa. Kusugua ukungu ni nafuu zaidi, ila bila kupakwa rangi angavu ya kinga, utarudi baada ya miezi michache.

Soma pia tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT kwenye tairi: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri na bado likawa limekauka.

Dereva wa Embakasi
Jambo dogo kuhusu moshi: usilipeleke gari likiwa baridi. Konveta, kile kichujio kilicho kwenye bomba la moshi, huanza kusafisha moshi ikishapata joto la zaidi ya nyuzi 250 hivi, na foleni ndefu huipoza.

Msafirishaji wa Marikiti
Nawashukuru nyote. Jumamosi nililipeleka kwenye gereji yenye roli, na gurudumu la mbele kulia lilionyesha takriban nusu ya nguvu ya lile la kushoto. Pini za kalipa zilikuwa zimeshika kutu, kama Mzee Fundi alivyosema. Zimesafishwa, zimepakwa grisi, mafuta ya breki yamebadilishwa, na tairodi moja iliyolegea imebadilishwa. Fundi wangu wa Kariobangi alikuwa tayari amenipigia hesabu ya pedi na diski zote mbili. Taa nitazisugua kwanza.

Mama, nimesoma pia namba ya tairi la akiba: 2208. Hilo lilizaliwa pamoja na gari, na kesho nalitafutia mrithi.