Mudogo wangu anataka kuwa piloti wa sarakasi za angani, hii kazi inalishaka mutu?

Mutoto_wa_Kenya (Lubumbashi)
Jambo yenu bote. Niko na mudogo wangu mwanamuke, amepata diploma ya leta mu matematika-fizika, na tangu aone video za zile ndege ndogo zinapanda wima mpaka zinasimama hewani kisha zinajiachilia kuanguka kinyumenyume, hataki tena kusikia mambo ya Unilu, univerziti ya hapa. Papa anasema ni wazimu, mama ananyamaza tu, mimi niko katikati. Batu ba ile mashindano banaishi na nini? Banalipwaka? Na mutu wa huku anaanzia wapi? Musinicheke tafazali.

fundi_wa_hangari
Nani akucheke. Mi natengenezaka ndege, sirushi, lakini hii sport naifuata tangu zamani. Tuanze na feza juu njo papa anangoja: mashindano hayalipi, unapata medali na picha, basi. Aude Lemordant, Mfaransa, bingwa wa dunia wa wanawake 2013 na 2015, mushahara wake unatoka ku ndege za abiria za Air France. Nigel Lamb alizaliwa ile inchi tunaita leo Zimbabwe, akajifunzia mu jeshi la anga, 1980 akahamia Uingereza, akawa bingwa wa kule mara 8, na 2014 akachukua Red Bull Air Race, mashindano ya mbio za ndege. Yeye ni mu wale wachache waliokula na maonyesho na wadhamini, na ile race yenyewe ilikufa 2019. Ndege ya ngazi ya juu kama Extra 330SC, kiti kimoja tu, ni mamia ya maelfu ya dola, kwa hiyo wengi wanachangia ao wanakodi.

Goma_juu
Mimi naona huyo dada amependa maonyesho, na mashindano ni kitu kingine kabisa, afazali ajue mapema. Unapewa sanduku la hewa, mita 1000 kila upande, ukitoka nje unakatwa pointi. Majaji wako chini, kila figa, ni kusema kila muchezo ndege inafanya, inaanza na pointi 10, ukipotoka digri 5 tu pointi moja imeenda. Halafu kuna programu ya Unknown, unapewa karatasi yenye alama za Aresti, ile michoro ya figa, na hauruhusiwi kuizoeza hewani hata mara moja, ndio maana utaona mabingwa wa dunia wanatembea peke yao mu majani wakizungusha mikono kama wana mashetani 😂 hapo ndipo mutu anashinda ao anashindwa, sio mu moshi wa maonyesho. Na mwili unalipa, kuvutwa na uzito wako mara 8 ao 9, damu inashuka miguuni, usipokaza tumbo macho yanaingia giza.

Yaya_Katuba
Na kufa je? Mbona hamusemi.

fundi_wa_hangari
Yaya, wanakufaka, siwezi kuficha. Glen Dell wa Afrika Kusini, bingwa wa dunia wa daraja la Advanced 2004, alikufa 2013 pale Secunda. Lakini ilikuwa onyesho, sio mashindano. Mu mashindano kuna sakafu, hata wale wa Unlimited, daraja la juu kabisa, hawashuki chini ya mita 100, na wanaoanza wanawekwa juu zaidi.

Mutoto_wa_Kenya
Aksanti sana. Sasa papa nimuambie nini?

fundi_wa_hangari
Muambie sarakasi haina mulango wake, unapita mu leseni ya kawaida. Kwanza daktari wa marubani amupime, juu wengine wanaishia hapo. Kisha Kingereza, kisha shule, na kwa sisi karibu ni Afrika Kusini, kule sport iko hai, mashindano ya dunia ya 2017 yalifanyika Malelane. Aende Unilu akingoja feza ya masaa ya kuruka, hakuna atakachopoteza.

Yaya_Katuba
Mbele ya yote, anatapikaka mu bus ya Likasi?

Mutoto_wa_Kenya
Yaya, huyu anatapikaka hata mu taksi ya kwenda Kasapa, hapa hapa mujini 😭