Naomba ushauri: kuzuia mabamba ya chuma yasiwaangukie wafanyakazi

Ndugu wataalamu, naomba ushauri kuhusu uhifadhi wa mabamba ya chuma katika karakana ninayoisimamia. Mabamba husimamishwa kwa ubavu na kuegemezwa ukutani, na bamba moja la mita 2.4 kwa 1.2 lenye unene wa milimita 10 lina takriban kilo 226, uzito ambao hakuna mtu anayeweza kuuzuia kwa mikono likishaanza kuinama. Hatari kubwa naiona pale fundi anapotafuta bamba la nyuma: huyavuta ya mbele moja moja na kuyaegemeza kwenye bega la mwenzake, hivyo uzito wote ukahamia upande wa watu. Kamba haisaidii, kwa kuwa hufunguliwa wakati huohuo.

Utafutaji huo nimeusitisha. Nafikiria kutengeneza rafu yenye nguzo zinazotenganisha mabamba, iliyofungwa sakafuni kwa bolti, ila nafasi ni finyu na kreni yetu haifiki pembeni. Je, ni afadhali kuyalaza, au ipo namna salama ya kuyasimamisha? Na mnawazuiaje watu wasipite upande yanakoweza kuangukia wakati wa kuyanyanyua?